Je, Kisu Huichokoza Saratani? Mambo Ambayo Damu Hutueleza Baada ya Upasuaji

Yafuatayo ni maneno tuliyoyatoa hapa Vwawa mbele ya wajumbe wa kamati za afya za parokia na wageni wetu wafadhili. Tumeyachapa kwa kuwa wajumbe wengi waliomba wayasome kwa utulivu na kuyapeleka katika jumuiya ndogo ndogo.



Kwanza tunawashukuru kwa kufika. Wengine mmetoka vigango vya mbali, na tunajua huu ni wakati wa shughuli nyingi mashambani. Hatutawachosha, ila tunaomba mtuvumilie, maana leo tunazungumzia jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea.

Tuanze na kosa hilo. Mama mmoja wa kigango kimoja cha hapa Mbozi, mkulima wa kahawa, alikutwa na saratani ya titi. Mfuko wetu wa wagonjwa ulimlipia nauli na gharama za upasuaji. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu, dada yake aliyekuwa akimuuguza aliishiwa fedha ya chakula, wakaomba ruhusa, wakapanda basi wakarudi nyumbani. Siku ya sita mama alianza kupata homa. Kidonda kilikuwa chekundu na kinatoa usaha. Ilibidi arudishwe hospitali, akakaa wiki kadhaa, na dawa za saratani alizopaswa kuanza zikachelewa.

Tunamshukuru Mungu alipona kidonda. Lakini kule kigangoni neno lilikwisha kuenea: "Saratani ikiguswa na kisu hukasirika." Baada ya hapo akina mama wawili waliokuwa na uvimbe walikataa kwenda kupimwa. Kosa hilo halikuwa la yule mama, wala la dada yake. Lilikuwa letu, kwa sababu bajeti yetu iliishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo leo tunataka kulijibu swali la wale akina mama wawili kwa heshima. Je, ni kweli kisu huichokoza saratani? Hatutajibu kwa kuwacheka. Wanasayansi wakubwa nao wanajiuliza swali linalofanana na hilo, na wamekuwa wakilitafutia jibu katika damu ya mgonjwa.

MWILI UNAPOKATWA

Kila mmoja wetu amewahi kujikata na panga au jembe. Baada ya muda mfupi sehemu ile huwa nyekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hali hiyo huitwa mchochota. Mchochota ni kazi ya ulinzi, maana mwili unapeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, kwenda kuzuia vijidudu na kusafisha uchafu ili kidonda kifunge.

Upasuaji wa saratani ni jeraha kubwa, kwa hiyo mchochota wake pia ni mkubwa na huonekana katika damu ya mwili mzima. Kipimo kinachotumika sana kuuona ni cha protini iitwayo CRP, ambayo hutengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 mjini New York na madaktari William Tillett na Thomas Francis walipokuwa wakichunguza wagonjwa wa nimonia. Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango chake kwa kawaida ni chini ya miligramu 10 kwa lita. Baada ya upasuaji mkubwa huanza kupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na huweza kuzidi 100. Kama hakuna tatizo, hushuka haraka, kwa kupungua karibu nusu kila baada ya saa 19 hivi.

Hapa ndipo penye faida kwetu. CRP ikipanda siku ya pili, hilo ni la kawaida. Ikibaki juu siku ya nne, au ikianza kushuka kisha ikapanda tena, daktari hujiuliza kama kuna usaha uliojificha, au mshono wa utumbo unaovuja. Kwa wagonjwa wa upasuaji wa utumbo mpana, madaktari wengi hutazama kama kiwango kimeshuka chini ya 150 hivi siku ya tatu hadi ya tano kabla ya kumwona mgonjwa yuko salama kwenda nyumbani. Yule mama yetu alipanda basi siku ya tatu bila mtu yeyote kuiangalia damu yake.

Tuseme pia kile ambacho CRP haiwezi kutueleza. Haipimi saratani. Malaria, nimonia na kifua kikuu nazo huipandisha. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Kinachosema ni mwendo wa namba kutoka siku moja hadi nyingine, pamoja na mkono na macho ya daktari aliyesimama karibu na kitanda.

NYAVU ZA CHEMBE NYEUPE

Sasa tuingie katika sehemu ngumu kidogo. Kati ya chembe nyeupe za damu, zilizo nyingi zaidi huitwa nyutrofili. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba nyutrofili huwameza wadudu. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin, Ujerumani, walionyesha jambo jipya. Nyutrofili iliyochokozwa inaweza kuitoa nje DNA yake, yaani zile nyuzi ndefu zinazobeba vinasaba, na kuzitandaza kama wavu. Bakteria hunaswa humo na kuuawa.

Wenzetu wanaotoka upande wa Ziwa Rukwa wanajua tabia ya wavu. Mvuvi huutega kwa ajili ya samaki anayemtaka, lakini wavu hauchagui. Ndivyo ilivyo kwa nyavu hizi. Watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 2013, kwa kutumia panya, kwamba nyavu hizi zinaweza kunasa chembe za saratani zinazopita katika damu na kuzisaidia kujishikiza katika ini. Mwaka 2016 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliwaangalia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa saratani iliyokuwa imefika kwenye ini. Wale waliokuwa na alama nyingi za nyavu katika damu baada ya upasuaji ndio ambao saratani iliwarudia zaidi. Nyavu hizo pia huchangia damu kuganda ndani ya mishipa, jambo ambalo ni hatari kwa mgonjwa yeyote wa saratani aliyetoka kupasuliwa.

Kwa hiyo mzee wa kigangoni anayesema kwamba kisu huamsha kitu mwilini hajabuni kila kitu kichwani mwake. Upasuaji huamsha mchochota, na mchochota uliozidi au uliochukua muda mrefu huenda ukazisaidia chembe chache zilizobaki. Lakini tusikilize na upande wa pili.

DNA INAYOELEA KATIKA DAMU

Mwaka 1948 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Mandel na Métais, walieleza kwamba katika majimaji ya damu ya binadamu kuna DNA inayoelea yenyewe, nje ya chembe. Leo tunajua kwamba chembe zikifa huiacha DNA yao humo, na mwili huiondoa haraka, kwa dakika au saa chache tu. Mtu akiwa na saratani, sehemu ya DNA hiyo hutoka katika uvimbe wake na huwa na alama za uvimbe huo.

Uvimbe ukikatwa wote, DNA ya saratani hupotea katika damu. Ikiendelea kuonekana, kuna mabaki mahali fulani. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti uliofanyika Australia kwa wagonjwa 455 wa saratani ya utumbo mpana. Kwa kundi moja, madaktari walitumia kipimo hicho cha damu kuamua nani apewe dawa za saratani baada ya upasuaji. Waliopewa dawa walikuwa asilimia 15, na katika kundi lililotibiwa kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 28. Hata hivyo, baada ya miaka miwili idadi ya waliokuwa salama bila saratani kurudi ilikaribiana sana katika makundi yote mawili.

Tazameni jambo moja. Damu hiyo ilichukuliwa wiki ya nne na wiki ya saba. Haikuchukuliwa siku ya pili. Sababu ni kwamba jeraha la upasuaji lenyewe humwaga DNA nyingi ya kawaida katika damu. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana DNA hiyo ilipanda kama mara tatu, na hali hiyo iliweza kuendelea hadi wiki nne. Katika gharika hiyo, DNA kidogo ya saratani haionekani. Hata katika nchi tajiri, basi, mgonjwa anatakiwa asubiri, atunzwe, kisha arudi.

Na msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Amerika tu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya karibuni, hospitali za Tanzania na Uganda, zikiwemo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor iliyoko Gulu, zimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford kuchunguza kama DNA katika damu inaweza kusaidia kutambua saratani ya aina hiyo kwa watoto na vijana mapema zaidi, bila kusubiri muda mrefu majibu ya kipande cha nyama. Kazi hiyo ni ya utambuzi, siyo ya baada ya upasuaji, lakini inatuonyesha kwamba elimu hii imekwisha kufika nyumbani kwetu.

JIBU LETU KWA AKINA MAMA WAWILI

Sasa tujibu. Kisu hakiipandi saratani. Saratani ilikuwapo kabla ya kisu, na ikiachwa huendelea kukua na kusambaa yenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu aina saba za saratani, ulionyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewesha upasuaji huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 8. Anayekaa nyumbani kwa kuogopa mchochota wa wiki chache anaikaribisha hatari iliyo kubwa zaidi.

Lakini tusiishie hapo. Kipindi cha kuzunguka upasuaji, yaani siku chache kabla na wiki chache baada yake, ni kipindi cha dhoruba. Kidonda kikipata wadudu, dhoruba hiyo hurefuka. Utafiti wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji wa tumbo, katika nchi zenye maendeleo ya juu wagonjwa 9 hivi kati ya 100 walipata maambukizi ya kidonda. Katika nchi zenye maendeleo ya chini walikuwa 23 kati ya 100. Tofauti hiyo haikuletwa na saratani. Imetokana na mazingira ya mgonjwa na ya matibabu, na mazingira hayo tunaweza kuyasaidia.

Na msaada si lazima uwe wa gharama kubwa. Utafiti wa mwaka 2022 katika nchi saba, Rwanda ikiwa mojawapo, uliwahusu wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo. Timu za upasuaji zilitakiwa kubadilisha glovu na vyombo kabla ya kufunga kidonda. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Ni glovu tu, ndugu zangu! Nchini India, utafiti uliotolewa mwaka 2023 kwa akina mama wapatao 1,600 wenye saratani ya titi ulionyesha kwamba kuchoma ganzi ya lidokeini kuzunguka uvimbe dakika chache kabla ya kukata kulihusiana na kuishi zaidi. Baada ya miaka mitano, waliochomwa ganzi hiyo waliokuwa hai ni asilimia 90 hivi, na wengine asilimia 86 hivi. Ni ganzi ile ile ya daktari wa meno.

Hata hivyo tuwe na kiasi. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa akina mama zaidi ya 2,000 ulijaribu aina tofauti ya ganzi, ya kufisha sehemu ya mgongo na kifua, kwa matumaini kwamba saratani haitarudi. Haukuonyesha tofauti yoyote. Na hadi leo hakuna dawa ya kukata zile nyavu ambayo imekuwa tiba ya kawaida kwa waliopasuliwa. Uamuzi wa dawa na ganzi ni wa madaktari. Kamati isimwagize daktari, wala isimwahidi mgonjwa jambo ambalo bado linachunguzwa.

VIPIMO VINAVYOTUFAA HAPA

Wapendwa wafadhili, baadhi yenu mmetuuliza kama mngeweza kutununulia mashine ya kupima DNA. Tunawashukuru kwa moyo wote, lakini tunaomba msifanye hivyo kwa sasa. Mashine hiyo inahitaji kemikali za gharama, wataalamu waliosomea, na umeme usiokatika. Ikiharibika itageuka kabati.

Kuna kipimo cha kawaida kinachopatikana katika hospitali nyingi za wilaya, nacho ni cha picha kamili ya damu, ambacho wauguzi hukiita FBP. Humo zimo nyutrofili na limfosaiti. Ukigawa nyutrofili kwa limfosaiti unapata uwiano unaoonyesha ukali wa mchochota bila kulipa shilingi ya ziada. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliounganisha tafiti 100 na wagonjwa zaidi ya 40,000 wa saratani ulionyesha kwamba wenye uwiano mkubwa walikuwa na maisha mafupi zaidi. Hata hapo kuna tahadhari inayotuhusu sisi hasa. Waafrika wengi kwa kuzaliwa wana nyutrofili chache kuliko Wazungu, wakiwa na afya njema kabisa. Kwa hiyo viwango vya Ulaya visichukuliwe kama vilivyo. Kipimo hicho pia kinaonyesha kama mgonjwa ana upungufu wa damu, na hilo linaweza kushughulikiwa kabla ya upasuaji.

TUNAYOYAOMBA

Kutoka hapa Vwawa hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni kama kilomita 900. Mgonjwa aliyepasuliwa hawezi kuzifanya safari hizo mara mbili mbili kwa makosa yetu. Kwa hiyo tunaomba kila kamati ikubali mambo manne.

Kwanza, fedha ya mgonjwa mmoja igawanywe mapema katika mafungu matatu: kabla ya upasuaji, upasuaji wenyewe, na baada ya upasuaji. Fungu la tatu lisiguswe kwa ajili ya jambo jingine. Ndani yake iwemo posho ya chakula ya mwuguzaji, vipimo vya damu ambavyo daktari ataviagiza, na nauli ya kurudi kliniki.

Pili, mgonjwa asiondoke hospitali kwa sababu ya kuishiwa chakula. Akiishiwa, mwuguzaji ampigie simu katibu wa kamati siku hiyo hiyo.

Tatu, kila mgonjwa anayerudi nyumbani atembelewe na mjumbe wa jumuiya yake mara kwa mara kwa wiki nne za mwanzo. Mjumbe haendi kutibu. Anakwenda kuangalia dalili hizi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaoenea, usaha au harufu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi ghafla. Dalili mbili za mwisho zinaweza kuwa za damu iliyoganda. Ikionekana hata moja, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo, asisubiri kesho. Na kidonda kisitiwe majani, majivu wala unga wowote.

Nne, majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa yafuatiliwe hadi yapatikane. Hayo ndiyo yanayomwambia daktari kama uvimbe umetoka wote, na kama mgonjwa anahitaji dawa za saratani au mionzi. Mgonjwa asiye na majibu hayo amefanyiwa nusu ya kazi.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kwamba mfuko hautaidhinisha malipo ya upasuaji wowote wa saratani kabla ya fungu la tatu kutengwa. Tunajua maana yake. Kwa fedha ile ile tutawasaidia wagonjwa wachache kidogo kwa mwaka, isipokuwa michango iongezeke. Tumelijadili kwa uchungu, maana kila jina linalosubiri ni la mtu tunayemfahamu. Lakini tumeona ni heri kumvusha mtu mmoja mto mzima kuliko kuwaacha wawili katikati ya maji.

Wapendwa wafadhili, mmezoea kupokea kutoka kwetu picha za majengo na vitanda. Mara hii tunawaletea ombi ambalo halipigwi picha: sahani ya ugali kwa dada anayeuguza, kipimo cha damu cha siku ya nne, tiketi ya basi ya wiki ya sita. Tunaomba mlione kuwa ni jengo pia.

Na ninyi wajumbe, mtakaporudi vigangoni mtaulizwa lile swali. Msimdharau anayeuliza. Mwambieni kwamba ni kweli mwili husumbuka baada ya kisu, na damu huonyesha hivyo. Kwamba usumbufu huo una siku zake na unaweza kuangaliwa. Na kwamba safari hii kamati itakuwa naye hadi siku hizo zipite. Wale akina mama wawili bado wapo, na kamati ya kigango chao iko humu ukumbini. Tunaiomba ianzie kwao wiki hii.